Nikimlea wiki sita halafu nimtoe, si nitakuwa nimemtupa mara ya pili?

*"Shikamoo daktari. Naishi Pasua, Moshi, nyumba ya kupanga yenye familia tatu na bomba moja uani. Mpangaji mwenzetu alihama mwezi uliopita akaacha mbwa wake jike, wa kahawia mwenye mabaka. Watoto wanamwita Chapati. Analala chini ya gari bovu la mwenye nyumba. Vijana fulani wanaojitolea kuokoa mbwa wameniomba nimlee wiki sita huku wakimtafutia makazi. Moyo unataka, lakini nina mtoto wa miaka minne na mwingine wa tisa, naogopa kichaa. Mume wangu anasema mbwa aliyezungushwa nyumba tatu hugeuka mkorofi, na kwamba akifungwa uzazi hatalinda tena. Jirani yetu ni Mwislamu, hataki mbwa amsogelee. Chapati ni mpole na anakula vizuri, ila anadondosha damu kidogo kwa nyuma, wiki ya nne sasa, nadhani yuko kwenye joto. Linaloniumiza zaidi ni hili: akinizoea kisha nimtoe, si nitakuwa nimemtupa mara ya pili?"*

Marahaba, mama. Umeuliza mengi kwa mkupuo, na lile ulilolitaja kama la kupita tu ndilo lililonisimamisha: damu. Naanzia hapo, kwa sababu jibu lake linabadilisha mengine yote, hata hizo wiki sita.

Mbwa jike akiingia kwenye joto hutoka damu kwa siku saba hadi kumi hivi, wachache hufika wiki mbili au tatu. Sehemu zake huvimba, madume hujazana getini usiku kucha, halafu mambo hutulia, na kwa walio wengi joto jingine huja baada ya miezi sita hivi. Matone ya wiki nne mfululizo hayaendani na joto. Kwa mbwa ambaye amekuwa akizurura mitaani, huku kwetu kitu cha kwanza ninachokishuku ni uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wanapopandana. Ukiutazama unafanana na kipande cha koliflawa, mwekundu, na ukiguswa tu unatoka damu. Ni saratani, ila ya ajabu. Hailetwi na kirusi. Seli zenyewe za uvimbe hubanduka kwa mbwa mmoja na kuota kwa mwingine, kama unavyokata rando la kiazi kitamu ukalichomeka kwenye tuta la jirani. Wanaochunguza vinasaba wamegundua kwamba uvimbe huu, popote duniani, una asili ya mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mbwa mwenyewe alikwisha kufa zamani hizo, rando lake bado linachomekwa.

Haimpati binadamu, kwa hiyo hapo pumua. Na inatibika vizuri kuliko saratani nyingi ninazozijua: sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, mara nyingi nne hadi sita, na wengi hupona kabisa. Lakini dawa hiyo ni kali. Kwa siku chache baada ya kila sindano, mkojo na kinyesi chake visiguswe kwa mkono mtupu. Vaa glavu, mwagia maji mengi, na watoto wakae mbali na pale anapojisaidia. Kama wewe ni mjamzito, kazi hiyo aifanye mwingine. Hesabu basi mwenyewe: matibabu, kisha kufungwa uzazi, kisha kidonda kupona. Hizo si wiki sita. Ni miezi miwili na ushee, pengine mitatu.

Naweza kuwa nimekosea, maana sijamwona. Uwezekano mwingine ni usaha kwenye mfuko wa uzazi, nao hausubiri. Akianza kunywa maji kupita kawaida, akakataa chakula, akatoa uchafu wenye harufu au tumbo likajaa, usingoje asubuhi. Kwa vile anakula vizuri sina wasiwasi mkubwa wa hilo, lakini mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii hii, umlee usimlee.

Sasa kichaa. Nasikia kila siku kwamba mbwa hupata kichaa kwa njaa, kwa jua kali au kwa kulala nje. Hapana. Hukipata kwa mate ya mnyama mwenye kichaa kuingia kwenye jeraha, karibu kila mara kwa kung'atwa. Kirusi kikiingia hakikimbilii kwenye damu. Hushika njia ya mshipa wa fahamu, taratibu, kuelekea kwenye ubongo, na kikishafika huko ndipo hushuka kwenye tezi za mate. Safari hiyo kwa mbwa huchukua wiki chache hadi miezi mitatu hivi, mara chache zaidi ya hapo. Katika safari yote hiyo mbwa ni mzima, anacheza, anakula. Ndiyo maana hata nikimshika Chapati leo mezani kwangu, siwezi kukuapia kwamba hana.

Ninachoweza kukuambia ni hiki. Achanjwe siku ya kwanza kabisa, wala asisubiri kuhamia kwako. Chanjo huchukua takriban wiki nne kujenga kinga ya kutegemewa, na kama kirusi kilishaingia kabla, haitakizuia. Kwa hiyo kwa miezi mitatu ya kwanza kinga ya wanao ni macho yako. Tazama mabadiliko: mpole anayekuwa mkali ghafla, au mkali anayekuwa mpole kupita kiasi, mlio wa kubweka unaobadilika, taya linaloning'inia, mate, kushindwa kumeza. Hili la mwisho limewaponza watu wengi. Mwenye mbwa anamwona kinywa wazi, anajaribu kumeza hawezi, anadhani kuna mfupa umemkwama kooni, anaingiza mkono kuutoa. Usimwingizie mbwa mkono mdomoni kutafuta mfupa. Mfungie alipo, wapigie simu watu wa mifugo.

Akimng'ata au kumkwaruza mtu, bomba lenu la uani ndilo tiba ya kwanza: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, tazama saa. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, Mawenzi au KCMC, mkaulize chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini akichanjwa mapema inavyotakiwa, kabla ya dalili, karibu kila mtu huokoka. Mbwa msimuue. Mfungeni na kumwangalia siku kumi, kwa sababu kama mate yake yalikuwa na kirusi siku aliyong'ata, ndani ya siku hizo ataugua au kufa. Akibaki mzima, daktari wa hospitali atajua la kufanya na sindano zilizobaki. Ila siku kumi ni za kumwangalia mbwa. Mtoto hazimhusu, yeye aanze chanjo mara moja.

Ni kweli watoto ndio hung'atwa zaidi, na mara nyingi usoni, kwa sababu uso wao uko usawa wa mdomo wa mbwa. Huyu wa miaka tisa unaweza kumfundisha. Wa miaka minne humfundishi, unamlinda. Asiachwe na Chapati peke yao hata ukienda kugeuza maharage jikoni. Asimkumbatie shingoni. Asimfuate chini ya gari. Mbwa aliyelala, anayekula, au aliyejibanza pembeni asiguswe na mtu. Ukiona nyumba yako haiwezi sharti hili, kwa kuwa unatoka alfajiri kwenda Mbuyuni sokoni na watoto wanabaki na binti wa kazi wa miaka 15, basi jibu langu ni kwamba usimchukue, wala usione aibu.

Kuhusu baba watoto, ana haki ya kuuliza, ila mwambie hivi. Ukorofi wa mbwa hauletwi na idadi ya nyumba. Huletwa na hofu, na hofu nyingi hupandwa mapema, kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake. Mtoto wa mbwa ambaye katika muda huo hakushikwa na watu, hakusikia pikipiki wala watoto wakipiga kelele, atakuwa mtu mzima mwenye mashaka na kila kitu. Ukorofi huongezewa pia na mnyororo wa mchana kutwa. Chapati umesema ni mpole baada ya kuachwa mwezi mzima. Hiyo inaonyesha huyo mpangaji, pamoja na alichokifanya, alimlea vizuri utotoni.

Na kulinda hakukai kwenye mfuko wa uzazi. Mbwa hubwekea mgeni kwa sababu anaijua mipaka ya kwao na anamtilia shaka asiyemjua, aliyefungwa na asiyefungwa sawasawa. Anachokipunguza ni kuzurura kutafuta madume. Husemwa pia kwamba mbwa aliyefungwa uzazi hunenepa, na hilo lina ukweli nusu: baada ya kufungwa mwili hutumia nguvu kidogo zaidi, kwa hiyo ukiendelea kumjazia sahani ile ile atanenepa, punguza kama robo. Wala hahitaji kuzaa kwanza mara moja "ili atulie". Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Anayezaa watoto watano au sita, pengine mara mbili kwa mwaka, atawajazia hao vijana wenu kazi ya miaka.

Tuje kwenye lile linalokuumiza. Ndiyo, atakuzoea. Na ndiyo, ukimtoa atahangaika: siku mbili tatu huenda asile, asimame getini, alie usiku. Watu wa kazi hii wana kipimo chao cha mkono tu, siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za woga, wiki tatu za kujifunza nani ni nani na chakula huja saa ngapi, miezi mitatu mpaka ajione yuko kwao. Halafu hupita. Mbwa aliyewahi kumzoea mtu mmoja humzoea wa pili kwa urahisi kuliko yule ambaye hakumzoea yeyote.

Alichofanyiwa na mpangaji ni kitu kingine. Siku moja harufu aliyoijua ilikoma, chakula kikakoma, mlango ukabaki umefungwa, na hakuna mtu aliyemkabidhi kwa mtu. Wewe utamkabidhi. Ataondoka na tandiko lake lenye harufu ya kwenu, atakula kile kile alichokula kwako kwa wiki ya kwanza, ataitwa kwa neno lile lile, na anayempokea atakuwa ameshakuja kumtembelea mara mbili au tatu.

Tena atakuwa anajulikana. Hapa ndipo naona watu wengi hawaielewi kazi ya mlezi wa muda. Wanadhani ni kumpa mbwa pa kulala tu. Nitakupa mfano. Kulikuwa na dume jeusi, kubwa, alikuwa akilelewa na mama mmoja wa Njiro, Arusha. Picha yake ilishasambazwa na maneno "anafaa sana ulinzi", na mwenye duka mmoja alikuwa tayari kumchukua. Wiki ya tatu yule mama akanipigia. Alikuwa ameona kwamba kila binti wa kazi alipoinua ufagio wa chelewa, lile dume lilijilaza chini likajikojolea. Ufagio mwingine wa plastiki, hakuna shida. Wa chelewa tu. Mbwa wa namna hiyo ukimpeleka dukani kwenye watu wenye virungu, au atakimbia, au siku moja hofu itamgeuka atang'ata. Akatafutiwa wazee wawili huko Marangu, kihamba chao, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kimetulia. Tukawaeleza habari ya ufagio. Bibi akacheka: uwanja wake haujawahi kukosa kufagiwa alfajiri tangu aolewe. Lakini akauchukua ule ufagio akaulaza chini, karibu na sahani ya mbwa, ukakaa hapo wiki mbili anakula pembeni yake. Wiki ya tatu akaanza kuuburuta polepole. Nilipopita miezi kadhaa baadaye kumchanja ng'ombe, bibi anafagia, dume limelala katikati ya uwanja, anafagia kulizunguka.

Hayo hayaonekani kwenye picha ya simu. Yanaonekana kwa mtu anayelala nyumba moja na mbwa na kuandika. Nunua daftari la kurasa 32: anaogopa nini, anawapenda wanaume au wanawake, akiona kuku anafanyaje, anajisaidia wapi, akiachwa peke yake analia muda gani.

Vijana waliokuomba, waulize mambo matatu kabla ya kukubali. Nani analipa chanjo, sindano na kumfunga uzazi? Nani anachagua nyumba, na je, anakwenda kuiona kwa macho? Ukishindwa katikati, mtoto akiugua au mwenye nyumba akibadili mawazo, Chapati anakwenda wapi usiku huo? Wakikosa jibu la swali la tatu, kataa. Nia yao nzuri haina shaka, lakini nimeona walezi waliobaki na mbwa wanne kwa sababu simu za wahusika hazikupokelewa tena. Makubaliano yaandikwe, hata nusu ukurasa, na ruhusa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi vilevile.

Na nyinyi wote mnapomhoji anayemtaka, kuna swali moja linalonipa zaidi ya mengine kumi: mbwa wenu wa mwisho aliishia wapi? Alizeeka akafa, sawa. Aligongwa, uliza kama kuna geti. "Wa kwanza alipotea, wa pili alilishwa sumu, wa tatu naye alilishwa sumu," usimpeleke wa nne.

Jambo jingine la huku kwetu: msimtoe mwishoni mwa Desemba. Wakati huo Moshi imejaa ndugu kutoka Dar, watoto wanafurahia mbwa wiki mbili, kisha gari linarudi limejaa ndizi na mbwa anaachiwa bibi ambaye hakuulizwa. Wengi wao huletwa kwangu Januari. Isitoshe kuna fataki za mwaka mpya, na mbwa mgeni akishtuka akaruka ua hajui pa kurudi.

Chakula hakinisumbui sana, ila mambo mawili. Unga ulioota ukungu msimpe mkidhani mbwa hula chochote. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, humuua mbwa kwa kuharibu ini. Na mapupu, matumbo na maini ya buchani yachemshwe hadi yaive. Mbwa akila mabichi anaweza kupata mnyoo mdogo ambao mayai yake, yakimwingia binadamu, hujenga mifuko ya maji kwenye ini na mapafu. Wafugaji wa mkoa wa Arusha wanaujua ugonjwa huo kwa uchungu. Dawa ya minyoo apewe na daktari, na dawa ya kupe pia. Ile ya kuogeshea ng'ombe msikadirie kwa kifuniko cha chupa.

Jirani yako mwendee kabla mbwa hajaingia. Mimi si shehe, lakini najua kwa Waislamu wengi wa kwetu mate ya mbwa ni najisi, na kinachowaudhi zaidi ni chombo au nguo kuguswa kuliko mbwa kuwepo kwenye kiwanja. Sahani ya Chapati isioshwe bombani. Asifike kwenye kamba ya nguo wala njia ya mtu anayekwenda kuswali. Ukimwambia haya wewe kwanza, kabla hajalalamika, mara nyingi mnaelewana.

Kama baada ya haya yote utaona huwezi, zipo njia nyingine. Vituo vya kuokoa mbwa vipo upande wa Arusha, kikiwemo Mbwa wa Africa pale Usa River, ila vituo hujaa, usimpeleke bila kupiga simu kwanza. Familia tatu mnaweza pia kukubaliana abaki mbwa wa kiwanja, amechanjwa, ametibiwa, amefungwa uzazi, anakula kwa zamu. Si makazi kamili, lakini ni afadhali kuliko lile gari bovu bila chanjo. Na niseme wazi: mbwa mwenye maumivu yasiyotibika, au aliyeshang'ata watu bila sababu, mara nyingine ni huruma zaidi kumlaza kwa sindano mikononi mwa daktari. Chapati hayupo hapo, kwa unavyonieleza. Ila kumwita mtu ampige risasi au kumtegea sumu, kama nilivyoona mtaa mmoja ukifanya, hakusaidii hata dhidi ya kichaa. Nafasi hujazwa na mbwa wengine wasiochanjwa. Kinachokata kichaa ni kuchanja mbwa asilimia 70 wa eneo, na kampeni nyingi za chanjo hufanyika karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kesho basi, kabla hujamjibu mumeo wala wale vijana, mtafute bajaji, mfunge Chapati mdomo kwa kitambaa laini kwa muda wa safari tu, mwende akaguliwe hiyo damu. Na leo jioni waulize majirani waliokuwepo zamani yule mpangaji alikuwa akimwitaje. Si kwamba jina jipya litamchanganya, mbwa hujifunza jina kwa siku chache. Ila anayekumbuka jina lake atakumbuka pia kama alilelewa na watoto, kama aliwahi kuzaa, na kama kuna siku alirudi na kidonda cha kung'atwa.